Dakika Kumi na Nne za Watu Wawili

Paso Itá, 3 Julai 1994

Rufino,

Nisamehe kwa kukawia kukuandikia. Wiki tano ni nyingi, najua. Najua pia kwamba kila Jumamosi unamuuliza kondakta wa basi, Don Silvio, kama ana barua yako, mpaka amechoka, kaniambia mwenyewe. Mtoto anaota meno. Akianza yeye kulia, ng'ombe naye analia, mama yako naye anadakia, na mimi nabaki katikati na kuni zilizolowa. Baridi ya mwaka huu haina adabu. Hizo ndizo sababu ninazompa kila anayeniuliza kwa nini sikuandikii.

Wewe nitakupa ya kweli. Nilikuwa nasoma.

Barua yako ya mwisho uliiandika nyuma ya karatasi ya mazoezi ya Kiingereza. Labda hukuwa na karatasi nyingine, labda ulisahau kwamba karatasi ina pande mbili. Upande mmoja umeniambia umenikumbuka, tanuri la mikate ya chipa linakuunguza mikono, mtihani ni Septemba, na ukifaulu utapata chuo cha ualimu, kisha kazi huku huku wilayani, tukae sote watatu nyumba moja. Nilifurahi. Nikaigeuza.

Upande wa pili una miandiko miwili. Mmoja ni wako, herufi zimelala kama ua lililopigwa na upepo. Mwingine ni wa duara, safi, wa mtu ambaye hajawahi kuandika huku amempakata mtoto. Nikachukua kamusi aliyoniachia Mwalimu Obdulia, nikafasiri neno kwa neno, siku tatu, kila mtoto alipolala. Nakunakilia, usije ukasema sikuelewa.

"Katika nyumba yetu mpya," umesema wewe, "nadhani tuanze na kitanda kikubwa."

"Mimi naona meza kwanza," umesema mwandiko wa duara. "Tutakula kabla ya kulala."

"Una akili sana! Basi meza, halafu kitanda."

"Na hiki kitanda cha mtoto je?"

"Hapana. Hicho tukiache. Hatukihitaji."

Rufino, una mtoto wa miezi minane.

Sikupiga kelele. Sikumwambia mama yako. Nimekaa na karatasi hiyo nikiikunja na kuikunjua mpaka imechanika katikati. Sasa nakuuliza kwa adabu, mara moja tu: huyo ni nani, na nyumba hiyo iko wapi?

Derlis hajambo. Anasimama akishika mguu wa kiti.

Zunilda


Asunción, 11 Julai 1994

Zunilda wangu,

Nilicheka mpaka bwana wa tanuri akaniuliza kama nimelewa. Halafu nikakuona umeinamia kamusi na mtoto amelala kando, nikaacha kucheka.

Nyumba hiyo haipo! Ni mtihani. Mtihani wa kuzungumza mtu haingii peke yake. Tunaingia wawili wawili, kama maksai wa gari. Ndani kuna watahini wawili: mmoja anauliza, mwingine kakaa pembeni na kalamu, hasemi hata "karibu". Wanawapa picha kumi za vitu vya nyumbani. Mnaambiwa mnahamia nyumba mpya, chagueni vitano, na mkubaliane. Dakika kumi na nne basi. Kila mtu anapata alama zake, lakini hazitolewi kwa kusema sana, zinatolewa kwa kusemezana. Ukimnyima mwenzako nafasi, unakatwa. Ukinyamaza, yule wa pembeni hana cha kukuandikia.

Mwandiko wa duara ni wa Nimia, niliyepangiwa na Mwalimu Benítez. Anauza sokoni majani ya tereré, yale ya kutia maji baridi na kufyonza kwa mrija. Ana ulimi mkali kama kisu cha kumenyea mihogo, na hanipendi hata kidogo.

Na kitanda cha mtoto: picha ni kumi, vinavyotakiwa vitano! Derlis analala kwenye kitanda cha kamba, cha kuning'inia, kama nilivyolala mimi, kama ulivyolala wewe. Kitanda cha mtoto chenye miguu minne mimi nimekionea kwenye picha hiyo hiyo.

Kuanzia leo nakuandikia kwenye karatasi nyeupe pande zote.

Wako, mtumishi wa tanuri asiye na nyumba,
Rufino


Paso Itá, 24 Julai 1994

Rufino,

Nimeelewa. Nimeelewa kuliko ulivyotaka nielewe.

"Hanipendi hata kidogo," umesema. Mwanamume anayejua kwamba mwanamke fulani hampendi, ujue ameshapima. Na ile "una akili sana", ni picha ya ngapi katika zile kumi? Mimi miaka mitatu nimekusikia ukisema "mihogo imeiva vizuri". Akili hujawahi kuniambia.

Tena nikukumbushe jambo, maana mji mkuu unasahaulisha. Ulipokuwa mwaka wa nne hukuweza kutaja siku za wiki. Tulikuwa tunakamua, mimi ng'ombe huyu, wewe yule, nakuuliza kwa Kiingereza umekula nini, unanijibu "Jumanne". Nani alikungoja mpaka ukapata jibu? Mimi nilikuwa mbele yako kwa mwaka mzima, na shuleni kwa Kiingereza hakuna aliyenifikia. Kisha likaja tumbo. Tumbo lilikuwa letu sote wawili, lakini lilionekana kwangu, kwa hiyo aliyerudi nyumbani katikati ya mwaka wa sita ni mimi. Wewe umekwenda Asunción kuumaliza mwaka wako.

Sikulaumu. Mmoja wetu ilibidi aendelee. Lakini sasa kuna mtu amekaa kwenye kiti changu anakuuliza meza au kitanda, na wewe unamjibu kwa maneno niliyokutia mimi mdomoni.

Mwambie Mwalimu Benítez akupe mwanamume. Wapo wengi. Nakuomba kwa upole, lakini si ombi.

Mtoto ana meno mawili. Ameniuma.

Zunilda


Asunción, 4 Agosti 1994

Zunilda,

Umeshinda. Nimebadilishiwa. Sasa mwenzangu ni Wilfrido, fundi wa redio, ana masharubu mazito na watoto wanne. Katika nyumba mpya yeye anataka friji tu, mengine hajali. Nimia hajasema kitu.

Nimempa Don Silvio chipa ishirini zenye anisi. Derlis usimpe ukingo, ni mgumu, atakabwa.

Umebaki mwezi mmoja. Niombee.

Rufino


Paso Itá, 21 Agosti 1994

Rufino,

Binamu yangu Perla alishuka huko kwenye sikukuu ya tarehe kumi na tano. Amerudi jana. Amekaa jikoni kwangu, amekula sahani mbili, ndipo akasema:

"Mumeo nimemwona."

"Wapi?"

"Uwanjani, kwenye benchi, na msichana mwenye kikapu cha majani. Msichana anamimina tereré, mumeo anafyonza. Msichana anafyonza, mumeo anangoja."

"Tereré hunywewa na watu wote, Perla. Hata mapadri."

"Sijakataa. Lakini mapadri hawacheki vile."

Nikamuuliza mlikuwa mnasema nini. Kasema Kiingereza. Kasogea kabisa, kajifanya anafunga kiatu, hakuambulia hata neno moja. Angeambulia angeniambia, nami ningejua. Sasa nimebaki na mrija mmoja wa watu wawili na maneno ambayo hayakusikika, na humo ndani natia chochote ninachotaka. Natia mengi, Rufino.

Ulinidanganya kwa masharubu! Kama ungeniambia "sikubadilishiwa", ningekasirika wiki moja, yangekwisha. Lakini ulikaa ukamtengenezea mtu watoto wanne ili nilale.

Mtihani ni Jumanne, tarehe sita Septemba. Basi chagua. Ukiingia kwenye chumba kile na yeye, ukitoka usipande basi la huku. Mimi na Derlis tutakuwa kwa mama yangu, na pale kwa mama unajua mbwa hakujui.

Sipigi kelele. Naandika polepole, herufi zangu unaziona zilivyonyooka.

Zunilda


Asunción, 10 Septemba 1994

Zunilda,

Nimefanya ulivyotaka.

Wilfrido yupo, na masharubu yapo, na watoto ni wanne, hayo sikuyatunga. Nilikwenda kwa Mwalimu Benítez tangu Julai, akakataa, akasema majina yameshapelekwa. Nikaona aibu kukwambia nimekataliwa, nikakwambia nilichokitaka badala ya kilichokuwapo. Barua yako ya mwisho nikaisoma mara nyingi. Jumatatu, siku moja kabla ya mtihani, nikasikia mwenza wa Wilfrido ameugua. Nikarudi kwa mwalimu, nikamwambia asiponiweka na Wilfrido siingii kabisa. Alinitazama kama mtu anayetazama unga ulioungua. Akakubali.

Wilfrido ni kama kisima kirefu, lazima uvute. Mimi nauliza, nangoja, nauliza tena. Yule mtahini mnyamavu alikuwa anaandika sana, nadhani ni dalili njema.

Nimia alipata mwenza mwingine, kijana wa shule nyingine. Yuko salama, usimfikirie.

Majibu ni mwisho wa mwezi. Nikipita, Februari naanza chuo, mwaka unaofuata nafundisha huko. Zunilda, ni karibu.

Rufino


Asunción, 2 Oktoba 1994

Kwa Ña Zunilda, Paso Itá

Nakuita Ña kama bibi kizee, ingawa naambiwa umenizidi mwaka mmoja tu, kwa sababu ulichonitendea ni kazi ya bibi kizee mwenye kinyongo.

Naitwa Nimia Cardozo. Mimi ndiye ninayetwanga majani sokoni, safu ya tatu, karibu na wauza vikapu. Anwani yako nimeisoma kwenye kifurushi cha mumeo alipokisahau mezani.

Nianze na huyo mumeo. Ananuka jibini na mafuta ya nguruwe tangu hajafika mlangoni. Darasani tunamwita Chipa. Ukimwonea wivu mtu kwa ajili ya Chipa, unawaheshimu mno wanawake wa Asunción. Miezi sita nimekaa naye benchi moja, na hakuna siku alimaliza zoezi bila kukutia ndani. Tukiambiwa tupange safari, yeye: "Tumchukue na mke wangu." Tukipewa picha za wanyama, yeye: "Mke wangu anamkamua huyu." Mwalimu akamkanya mbele ya watu, "Rufino, mkeo hajajiandikisha mtihani huu." Nyumba yenu naijua mpaka mnapoweka kuni, na naijua kwa Kiingereza.

Siku ile ya uwanjani, ambayo Chipa ameniambia ulipelekewa habari zake, ilikuwa zoezi la kutokubaliana. Yeye alitakiwa akatae kila ninachosema na hawezi, anakataa huku anaomba samahani. Ndiyo maana nilicheka.

Sasa nikwambie kwa nini nilimng'ang'ania. Mimi nikiharakishwa, maneno yananikwama. Ninayo, lakini yanakuja kwa mwendo wao. Wenzangu wote hawana subira, wanalichukua neno kutoka kinywani mwangu wanalimalizia wao. Chipa hachukui. Anakaa, anakutazama, anangoja. Nilimuuliza amejifunza wapi kungoja vile, akasema wewe ulikuwa ukimuuliza kitu mkikamua, halafu huongezi neno mpaka ndoo ijae.

Jumatatu ya tarehe tano alikuja sokoni, hakuniangalia usoni. "Mke wangu amesema," akasema. Nikamwambia, nenda, Chipa, nenda. Kesho yake nikaunganishwa na kijana ambaye sijawahi kumwona. Ña Zunilda, yule anasema kama mtangazaji wa mpira! Kitanda kachagua yeye, meza kachagua yeye, jiko yeye, akajiuliza akajijibu akajisifu. Katika dakika kumi na nne nimesema "nakubali" mara nne. Mtahini wa pembeni alikuwa ananitazama, kalamu ameinua, ananingoja mimi. Nilikuwa nalo neno. Lilikuwa linakuja. Kengele ikalia.

Majibu yametoka. Chipa amefaulu. Yule mtangazaji amekatwa alama lakini amepita. Mimi nimekosa alama mbili.

Kuna duru ya pili, tarehe kumi na tatu Desemba. Lakini lazima uje na mwenza, na waliofaulu hawarudi. Darasani kwetu aliyeanguka kuzungumza ni mimi peke yangu. Mwalimu amesema atanitafutia mtu yeyote. Mtu yeyote namjua sasa anavyokuwa.

Siandiki unihurumie. Naandika ujue umeshinda nini.

Nimia Cardozo


Paso Itá, 16 Oktoba 1994

Nimia,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Basi lile lile lilileta na ya Rufino: amefaulu, kaandika kwa herufi kubwa ukurasa mzima, na chini kabisa kaandika tena kwamba wewe uko salama. Nimemjibu mistari miwili tu. Wa kwanza, kwamba najua hukuwa salama. Wa pili, kwamba akinidanganya tena, hata kwa nia njema, huko chuoni aombe kitanda cha mtu mmoja.

Nisikufiche, wivu bado ninao. Ulipoandika kwamba unajua tunapoweka kuni, nilikasirika upya, nikazihamisha. Mama mkwe akaniuliza, "Zimekukosea nini hizo?" Na ningekuwa nimejua yote haya tangu Julai, sidhani kama ningekuonea wivu mdogo zaidi. Labda ungekuwa wa namna nyingine tu. Huyo mwanamume nimemzoea na harufu yake. Lakini wewe kila jioni ulikuwa unaulizwa jambo, na mtu anangoja jibu lako. Mimi huku naulizwa chumvi iko wapi.

Ijumaa nilikwenda shule ya jioni hapa mjini, Derlis mgongoni. Mkuu wa shule akanitazama, akamtazama na yeye.

"Na huyu?"

"Huyu hajiandikishi bado, mwalimu. Mimi ndiye."

Akatafuta daftari la mwaka jana. Nilibakiza masomo matatu tu. Ameniruhusu niyamalize kabla ya mwaka kufunga. Nikamuuliza kuhusu duru ya Desemba, akasoma waraka mara mbili, akasema mwanafunzi wa mwaka wa sita wa shule yoyote anaruhusiwa, mradi awe na mwenza. Nikamwambia ninaye. Nimesema hivyo kabla ya kukuuliza, nisamehe, nilihofia angefunga daftari.

Kwa hiyo nakuuliza sasa. Wewe huna mtu, mimi sina mtu. Sikwambii tutapendana. Mama mkwe anasema nimerogwa: "Juzi ulitaka kumng'oa nywele, leo unataka kukaa naye chumba kimoja?" Nikamwambia nywele zake zitasubiri mpaka tarehe kumi na nne. Ila kungoja najua. Neno lako lije kwa mwendo wake, sitaligusa. Nina mtoto anayeota meno, hakuna linaloniharakisha tena duniani. Nawe ukiona nimeanza kusema peke yangu, maana mwaka mzima nimesema na ng'ombe, nikanyage mguu chini ya meza.

Radhi ninaiomba kwa hili: nilikuondolea mtu aliyekuwa anakungoja, na sikuuliza ni nani atakayekaa mahali pake. Nimekosa. Sitaongeza maneno, mtoto ameamka.

Kama umekubali, mpe Don Silvio Jumamosi vitu hivi. Fomu ya kujiandikisha, na nyingine ya akiba, kwa sababu Derlis anakula karatasi. Mitihani ya miaka ya nyuma, hata iliyokwisha kuandikwa majibu, nitayafuta. Kalamu mbili za risasi. Yale maneno anayowafundisha Mwalimu Benítez ya kumkatiza mtu bila kumtukana, yote, kwa mwandiko wako wa duara. Huku kwetu hatuna hata moja. Majani ya kutuliza fizi, ukiwa nayo kwenye kikapu. Jina la ukumbi na mtaa wake. Mahali pa kulala siku mbili, hata sakafuni. Na siku ile yenyewe nahitaji uniletee Rufino: umkalishe kwenye benchi la nje, mtoto mapajani, asikie sauti zetu mbili nyuma ya mlango na asiambulie hata neno moja.

Zunilda